Saa Aliyofika Daktari

Kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa palikuwa na baraza moja lenye mafundi wawili. Mke alishona nguo. Mume alishona viatu. Watu walimwita mke Mama Fundi. Mume walimwita Baba Soli, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha soli. Mteja akikosea na kumpelekea suruali, Baba Soli alisema, "Mimi naishia kwenye kifundo cha mguu. Kutoka hapo kwenda juu, muulize mwenye mji." Mama Fundi alicheka kila mara, ingawa utani huo alikuwa ameusikia kwa miaka ishirini na miwili.

Cherehani ya Mama Fundi ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Umeme ukikatika, hakujali. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni pasi.

Jumatano moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Siku hiyo Mama Fundi alishona sare za wanafunzi wa chuo cha uuguzi, nyeupe, zenye kola ya bluu. Alizirundika kwenye kiti zikisubiri pasi. Saa kumi na moja jioni taa ya duka la jirani iliwaka. Mtaa mzima ulipiga kelele za furaha. Mama Fundi akachomeka pasi. Hata haijapata moto, gari jeupe lilisimama mbele ya baraza. Akashuka Daktari.

Daktari alikuwa mtoto wa kaka yake. Mama mzazi alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na Mama Fundi ndiye aliyemlea mpaka akaanza sekondari. Alimuuguza surua. Alimfundisha kufunga kamba za viatu. Sasa mtoto huyo alikuwa daktari wa hospitali ya mji, na watu walimsifu kila kona. Mama Fundi akienda sokoni, wanawake walimpisha kwenye foleni. "Huyu ni shangazi wa Daktari," walisema. Alijifanya hasikii, lakini moyoni alifurahi.

Siku hiyo mfuko wa shati la bluu la Daktari ulikuwa umechanika. Vifungo viwili havikuwapo. Shingoni alikuwa na mkwaruzo mwekundu.

"Shikamoo shangazi. Nishonee haraka, nina kikao."

"Marahaba mwanangu. Umepigana na nani?"

"Nimenasa kwenye kitasa cha mlango."

"Kitasa siku hizi kina kucha?" alitania Mama Fundi.

Daktari hakucheka. Kwa kawaida angekaa na kumchokoza Baba Soli. Siku hiyo alisimama na fulana yake ya ndani, macho barabarani. Vifungo vya shati lake vilikuwa vya mashimo manne. Mama Fundi alitafuta kwenye kopo lake, hakuvipata. Akashona mfuko, akaziba tundu lililoachwa na kifungo, kisha akashona vifungo viwili vya mashimo mawili.

"Vitatofautiana kidogo," alisema.

"Haidhuru."

Akavaa, akaondoka. Pasi ilikuwa imepata moto. Mama Fundi akaanza kunyoosha sare, na jambo lile likamtoka kichwani.

Jumapili alasiri kaka yake alimwita nyumbani kwake pamoja na mumewe. Kaka huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mji mzima ulimheshimu. Sebuleni kwake picha tatu zilining'inia ukutani, zote za Daktari akiwa na joho la kuhitimu. Daktari mwenyewe alikaa chini ya picha hizo, kichwa amekiinamisha.

Kaka alifunga mlango. Akakaa.

"Mdogo wangu, tumepata mtihani," alisema. "Kuna msichana, mwanafunzi wa uuguzi. Amekwenda polisi. Anadai Daktari alimtuma chumba cha dawa, akambaka humo humo. Anasema ilikuwa Jumatano, kati ya saa tisa na saa kumi."

Mama Fundi alihisi masikio yanavuma. Alimtazama Daktari, akamtazama kaka yake, akamtazama mumewe. Neno lile halikuingia akilini. Lilikuwa kama nguo ya mtu mwingine iliyoletwa nyumbani kwake kimakosa.

"Ni uongo, shangazi," alisema Daktari. "Wakati huo sikuwepo hospitali."

"Alikuwa kwako," alisema kaka. "Alikuja kushonewa shati. Si ndiyo?"

"Alikuja. Lakini..."

"Alikuja saa tisa." Kaka hakuuliza. Alisema polepole, kama mwalimu anayewasomea watoto imla.

"Kaka, ilikuwa saa kumi na moja. Umeme ulikuwa ndiyo kwanza umerudi."

"Nani anakumbuka umeme? Mtu anayeshona kutwa nzima, saa tisa na saa kumi na moja kwake si alasiri tu?" Kaka alimsogelea. "Nisikilize. Mkuu wa hospitali ni rafiki yangu, atampa huyu likizo mambo yatulie. Mkuu wa kituo cha polisi, mke wake alijifungua mikononi mwa huyu kijana. Hakuna anayetaka kumwangusha. Kinachotakiwa ni neno lako moja. Yule msichana tutamtafutia chuo kingine, kizuri kuliko hiki, mbali na hapa. Tutamwomba mama yake radhi. Kila mtu atapona."

Mama Fundi alijiuliza, kama hakufanya kitu, radhi ya nini?

"Wagonjwa wangapi wanamtegemea?" aliendelea kaka. "Unataka mji mzima ukose daktari kwa ajili ya msichana mmoja? Na wewe ndiye uliyemlea!"

"Nitafikiria, kaka," alisema Mama Fundi.

Njiani alimuuliza mumewe, "Wewe unaonaje?"

Baba Soli alitembea akitazama viatu vya waliopishana nao. "Mimi naishia kwenye kifundo cha mguu," alisema hatimaye. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wiki hiyo mikono ya Mama Fundi ilimkataa. Alikata kola mbili za upande mmoja. Alishona mfuko ukatazama chini. Wateja walitoa habari barazani bila kuulizwa. Mmoja alisema msichana yule ana tamaa, anataka kuolewa na mtu mkubwa. Mwingine alisema, "Mbona hakupiga kelele? Hospitali ina watu." Asubuhi Mama Fundi aliwaamini. Mchana hakuwaamini. Msichana mwenyewe alimjua. Alimpima sare mwezi uliopita. Alikuwa mpole, akaomba mfuko mkubwa kidogo ili daftari lake liingie. Msichana wa namna ile angetunga uongo wa namna hii? Lakini mtoto aliyemlea yeye angefanya unyama wa namna hii? Yote mawili hayakuwezekana, na moja lilikuwa kweli.

Alhamisi alikuja Bi Faili kujaribu gauni lake. Bi Faili alikuwa jirani yao, mama wa makamo aliyefanya kazi ya ukarani mahakamani kwa miaka thelathini. Jina hilo alipewa kwa sababu hata orodha ya vitu vya sokoni aliitia kwenye faili. Aliingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akasimama amekwama.

"Mama Fundi, huu mkono unaelekea wapi? Mimi mikono yangu inaning'inia chini. Ya mteja wako mwingine siijui."

Mama Fundi alitazama. Alikuwa ameshona mkono nyuma mbele. Machozi yakamtoka. Akamweleza Bi Faili yote, kuanzia shati mpaka sebuleni kwa kaka.

Bi Faili alivua gauni, akakaa.

"Unalia kwa sababu hujui nani mkweli?"

"Ndiyo. Nimechanganyikiwa. Kichwa kinauma."

"Basi kiache kipumzike. Kujua nani mkweli si kazi yako. Hiyo ni kazi ya hakimu. Kazi yako ni ndogo. Uliona shati limechanika?"

"Niliona."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Hilo ndilo lako. Usimhukumu kijana wako, na usimwokoe. Sema ulichokiona. Kama hana hatia, ukweli wako hautamfunga. Ana haki ya wakili, ana haki ya kusikilizwa. Lakini ukisema saa tisa, umedanganya. Na kudanganya kwenye kesi ni kosa. Wewe ndiye utakayeshtakiwa. Kaka yako hatakuwepo kizimbani kukushika mkono."

"Lakini kaka anasema tuyamalize kifamilia."

"Mgogoro wa kuku aliyekula mboga za jirani, malizeni kifamilia. Kubaka ni jinai. Kesi ya jinai ni ya serikali. Baba wa mshtakiwa hana ruhusa ya kuimaliza kwenye sofa zake. Na kumwendea msichana na ahadi za chuo ili anyamaze, hilo nalo ni kosa."

Mama Fundi alipangusa macho. "Watu wanasema hakupiga kelele."

"Miaka thelathini nimewasikia wanawake mahakamani," alisema Bi Faili. "Na wanaume pia, maana wao nao hutendewa. Wengi hawakupiga kelele. Mwili ukiogopa sana hufa ganzi. Sauti haitoki, miguu haiendi. Kunyamaza si kukubali." Akalikunja gauni magotini. "Mambo ya mtoto wa watu siyasemi. Lakini nikufundishe, nawe umfundishe mwingine. Mtu akitendewa hivyo, aende hospitali mara moja, kabla siku tatu hazijapita. Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na dawa za kuzuia mimba. Kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Akiweza, asioge kwanza, asifue nguo. Nguo azitie kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, maana plastiki hutia unyevu na kuharibu ushahidi. Na kama ameshaoga, bado aende. Kama siku zimepita, bado aende."

"Na akiogopa?"

"Amchukue mtu anayemwamini. Kosa si lake hata chembe."

Mama Fundi aliitikia kwa kichwa. Bi Faili alipoondoka, aliufumua ule mkono wa gauni. Alipoushona tena, ulikaa sawa. Lakini moyo haukukaa sawa.

Jumamosi asubuhi Daktari alikuja. Polisi walikuwa wamemhoji na kumwachia kwa dhamana. Mtaani watu walimpa mkono na kumpa pole, kama aliyefiwa. Aliketi kwenye kigoda karibu na cherehani, magoti juu, kama alivyokaa alipokuwa mdogo.

"Shangazi, wewe unanijua."

"Nakujua."

"Basi utasema saa tisa?"

"Mwanangu, umeme ulikuwa haupo saa tisa. Wewe ulikuja nikichomeka pasi."

"Mambo ya umeme ya nini tena?" Alishika paji la uso. Sauti yake ikashuka. "Shangazi, hawa wasichana huwajui. Anacheka na wewe, anakuletea chai ofisini. Ukimwita anakuja. Halafu kesho anageuka."

Mama Fundi aliacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani lilizunguka peke yake, likasimama.

"Alikubali?" aliuliza.

"Hakukataa."

Daktari alilisema bila kufikiri, kama mtu anayejibu salamu. Kisha akainua macho na kumtazama shangazi yake. Wote wawili walikuwa wamelisikia neno lile.

"Namaanisha..." alisema.

"Nimesikia," alisema Mama Fundi.

Kwa mara ya kwanza hakujua anaongea na nani. Uso ulikuwa ule ule. Kovu dogo la kidevuni lilikuwa lile lile, alianguka kwenye ngazi akiwa na miaka sita. Alitaka kumpiga kofi. Alitaka kumfunika na kanga asionekane. Hakufanya lolote. Daktari akainuka, akaondoka bila kuaga.

Baba Soli alikuwa amesikia yote kutoka upande wake. Aliweka nyundo chini.

"Mke wangu," alisema, "juzi uliniuliza naonaje. Sikujibu kwa sababu niliogopa. Ningependa twende kwa Bi Faili."

Bi Faili aliwakaribisha jikoni kwake. Mama Fundi alirudia maneno ya Daktari.

"Anasema hakukataa. Bi Faili, hiyo si sawa na kukubali?"

"Mteja akija kwako akasimama kimya, unamkata kitambaa chake?"

"Hapana! Namuuliza kwanza. Anataka mshono gani, urefu gani."

"Na asipojibu?"

"Sikati."

"Kitambaa tu hicho, hukikati. Itakuwa mwili wa mtu?" Bi Faili aliinua kidole. "Halafu fikiria. Nani anatia saini daftari la mafunzo la yule msichana? Daktari. Bila saini hahitimu. Nani alimtuma chumba cha dawa? Daktari. Alikwenda kwa sababu ametumwa kazini. Mwenye cheo akimtaka aliye chini yake, yule wa chini anapima mengi kabla ya kusema hapana. Ndiyo maana mwenye cheo anatakiwa awe mwangalifu mara mbili. Sisi tunafanya kinyume. Tunamhurumia mwenye cheo mara mbili."

Baba Soli aliguna. "Na kuna jambo moja haliniingii akilini," alisema. "Kwa kaka alisema hakuwepo. Leo anasema msichana hakukataa. Sasa alikuwepo au hakuwepo?"

Mama Fundi alikuwa ameshika tama. Jibu alilijua, na hakutaka kulijua.

"Kesho kutwa utanisindikiza polisi?" alimuuliza Bi Faili hatimaye.

"Kwa nini kesho kutwa?"

"Nimalize kwanza sare."

"Sare zitasubiri," alisema mumewe.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, walikwenda watatu. Kituoni kulikuwa na chumba cha pembeni, dawati la jinsia, ambako watu huhojiwa faraghani. Askari wa kike aliwakaribisha, akawaomba Baba Soli na Bi Faili wasubiri nje. Aliandika kila neno la Mama Fundi. Saa kumi na moja. Umeme. Pasi. Shati. Mkwaruzo wa shingoni. Na neno lile la Jumamosi. Kulitaja kulimchukua muda mrefu.

"Vifungo ulivyoshona vilikuwa vya namna gani?" aliuliza askari.

"Vya mashimo mawili. Vya shati lenyewe vilikuwa vya mashimo manne, sikuwa navyo."

Askari aliacha kuandika. Alifungua faili, akamwonyesha picha. Ilikuwa picha ya kifungo cheupe chenye mashimo manne. Kilishikilia uzi wake, na chini ya uzi palikuwa na kipande cha kitambaa cha bluu kidogo kama ukucha.

"Kilipatikana chini ya rafu ya chumba cha dawa," alisema askari. "Unakitambua?"

Mama Fundi alikitambua. Alitambua na zaidi. Miaka yote hiyo ameona vifungo vilivyonasa kwenye vitasa. Uzi hukatika, kifungo hudondoka kitupu. Hiki kilikuwa kimevutwa kwa nguvu na mkono wa mtu, kikatoka na nguo yake. Mkono wa mtu aliyekuwa anakataa.

Aliisukuma picha ikamrudia askari.

Askari alimsomea maelezo yake yote tangu mwanzo. "Kuna neno unataka kubadilisha?"

Alitamani kuwe na neno la kubadilisha. "Hakuna," alisema, akatia saini.

Kilichofuata hakikuwa rahisi. Kaka aliacha kuzungumza naye. Wauguzi wa hospitali walihamisha sare zao kwa fundi mwingine. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya baraza akasema kwa sauti, ili wapita njia wasikie, "Mtoto unamnywesha uji, halafu unamuuza." Mama Fundi aliendelea kushona. Siku nyingine alijiona amefanya sawa. Siku nyingine aliamka akiwa na hakika kwamba amekosea, na hakujua aende kwa nani akaombe msamaha.

Msichana naye alipata taabu. Mkuu wa hospitali alimwambia asimamishe mafunzo mpaka kesi iishe, wakati Daktari alipewa likizo yenye mshahara. Bi Faili alipopata habari alitikisa kichwa. "Aliyelalamika anafukuzwa, aliyelalamikiwa anapumzishwa," alisema. Aliongozana na mama wa msichana mpaka chuoni, wakaandika barua, nakala moja bodi ya hospitali, nakala moja wizarani. Baada ya wiki tatu msichana alirudishwa mafunzoni, kwenye hospitali nyingine. Na mpango ambao mkuu wa hospitali alikuwa nao wa kumhamisha Daktari kimya kimya kwenda mji wa mbali ulisimamishwa.

Kesi iliahirishwa mara nne. Mara wakili anaumwa, mara faili halionekani. Kila mara Mama Fundi alifunga kazi, akavaa gauni lake zuri, akaenda, akarudi. Mara ya tano aliitwa.

Wakili wa Daktari alikuwa mtu mwenye sauti nzuri. "Mama, wewe ndiye uliyemlea mshtakiwa. Unamchukia?"

"Nampenda."

"Unampenda! Basi kwa nini unataka afungwe?"

"Sitaki afungwe," alisema Mama Fundi. "Nimeulizwa alifika saa ngapi."

Wakili alijaribu njia nyingine. Alimuuliza kuhusu macho yake, umri wake, saa yake ya ukutani. Mama Fundi alirudi pale pale. Umeme, pasi, gari jeupe. Kwenye benchi la mbele aliketi msichana na mama yake. Msichana hakumtazama. Mama Fundi aliona jinsi alivyofumbata mikono. Msichana huyo alikuwa amesimama pale pale siku iliyotangulia, akajibu maswali kutwa nzima.

Hakimu alisema ameyasikiliza maneno ya msichana na hayakuyumba. Taarifa ya hospitali iliyompima siku ile ile iliyaunga mkono, na kifungo, na saa. Alimtia Daktari hatiani na kumhukumu kifungo. Alisema pia kwamba cheo cha mshtakiwa si sababu ya kumpunguzia adhabu, kwa kuwa cheo hicho ndicho alichokitumia kumfikia msichana.

Kabla mwezi haujaisha, wanawake wengine wawili walikwenda kwenye lile dawati la jinsia. Mmoja alikuwa mfagizi, mwingine alihitimu uuguzi zamani. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Hospitali nayo ilibadili mambo. Daftari la mwanafunzi sasa linatiwa saini na watu wawili. Mwanafunzi hatumwi peke yake na mkubwa wake kwenye chumba kilichofungwa. Malalamiko yanapokewa na mtu asiye chini ya daktari anayelalamikiwa. Msichana alihitimu mwaka uliofuata.

Mama Fundi alikwenda gerezani kila mwezi, akampelekea Daktari sabuni na dawa ya meno. Walizungumza habari za hali ya hewa. Aliporudi nyumbani hakujua amekwenda kumwona nani, yule mtoto wa kovu la kidevuni au yule mtu wa chumba cha dawa. Alimuuliza Bi Faili, mwenye jibu la kila kitu. "Hilo mahakama haifundishi," alisema.

Mwaka wa kwanza wa kifungo ulipokaribia kuisha, asubuhi moja kaka alikuja barazani. Alikuwa amekonda. Hakumsalimia mdogo wake. Alikwenda upande wa Baba Soli, akampa viatu vyake vyeusi.

"Nibadilishie soli."

Baba Soli alivigeuza. Soli zilikuwa nzima, karibu mpya. Alimsogezea shemeji yake kigoda, akajifanya anatafuta gundi.

Kaka alikaa na soksi. Mama Fundi alishona. Muda ukapita.

"Alipokuwa chuoni," kaka alianza, huku akitazama barabara, "mwaka wa tatu, msichana mmoja wa darasa lake alilalamika. Jambo kama hili. Nilikwenda nikaonana na mkuu wa chuo. Tulisoma pamoja. Tukaongea saa moja, tukanywa chai, yakaisha."

Mguu wa Mama Fundi ulisimama juu ya kikanyagio. Alimtazama kaka yake, mtu aliyemfundisha kusoma.

"Yaliisha kwa nani, kaka?"

Gari lilipita. Baba Soli aliacha kutafuta gundi.

"Sijui," alisema kaka. "Sikumuuliza. Hata jina lake..." Aliivuta soksi yake. "Jina lake nalikumbuka. Nilikuwa najifanya silikumbuki."

Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Yule askari wa kike," aliuliza, "anakuwepo siku gani?"

"Kila siku."

"Na leo?"

"Na leo."

Mama Fundi alichomoa sindano kwenye kitambaa, akavua futi ya kupimia shingoni. Baba Soli alichukua vile viatu, akavifuta vumbi kwa kitambaa, akavipanga mbele ya miguu ya shemeji yake. Kaka aliinama kufunga kamba. Kamba ikamponyoka mara mbili. Mama Fundi alipiga magoti, akamfungia.